Muratina ya Wamagana mbele ya baridi, hewa na sheria

*Mitambo ya kujiendesha ya kutengenezea bia imeonyesha wazi ni wapi pombe ya nyumbani huharibikia. Maarifa hayo yanawafaa watengenezaji wa Tetu hata pasipo mtambo wenyewe, lakini sheria haijawapa mahali pa kuyatumia.*

Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Nyandarua na kutanda juu ya mashamba ya chai na kahawa ya Tetu katika Kaunti ya Nyeri, halijoto ya usiku katika viunga vya Wamagana hukaribia digrii 10 za Selsiasi, na maji ya asali yaliyotiwa hamira jioni yanaweza kukaa pipani siku kadhaa bila kutoa hata povu. Kinywaji hicho hubaki kitamu kama kilivyotiwa, kisha polepole huingiwa na ukali wa siki, na mwenye pipa hujikuta na kitu ambacho si asali tena wala hakijawa muratina.

Tatizo hilo huonekana kuwa la jikoni tu, lakini uamuzi unaofanywa katika saa hizo ndio unaotenganisha kinywaji cha sherehe na sumu. Mmoja hulisogeza pipa karibu na meko na kulifunika blanketi, mwingine huongeza sukari, na wa tatu, ambaye tayari ameahidi wateja, humimina ndani pombe kali ya bei rahisi au kemikali asiyoijua ili kukipa nguvu kilichokosa kuumuka.

Katika mjadala mrefu wa pombe unaoendelea Nyeri na katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, mengi yamesemwa kuhusu anayekunywa na anayeuza, na machache sana kuhusu namna kinywaji kinavyotengenezwa, kinavyoharibika na kinavyohifadhiwa. Upungufu huo ni wa hatari, kwa kuwa vifo vingi vinavyohusishwa na pombe ya kienyeji havitokani na uumukaji wenyewe, bali na yale yanayofanywa baada ya uumukaji kushindikana au kuonekana kuwa hautoshi.

Tunda linalobeba hamira

Muratina ni pombe ya Wagikuyu inayotengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na jina lake limetokana na tunda la mti ambao Waswahili huuita mwegea na wanasayansi huuita *Kigelia africana*. Tunda hilo refu, lenye umbo la soseji kubwa, likiwa bichi huwa na sumu na huharisha vibaya, kwa hiyo hupasuliwa kwa urefu, huchemshwa na kuanikwa juani mpaka likauke na kubaki nyuzinyuzi kama sifongo.

Nyuzi hizo ndizo makao ya hamira, yaani viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho ambao hula sukari na kutoa vitu viwili: ethanoli, ambayo ndiyo kileo, na gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo hutoa povu. Vipande vya tunda vikishatumika hutolewa, hukaushwa na kutumika tena, na kila vinaporudi pipani huingia na hamira iliyozoea kazi, jambo linaloeleza kwa nini tunda la zamani lililotunzwa vizuri huthaminiwa kuliko jipya.

Asali yenyewe, ikiwa haijachanganywa na maji, haiumuki kwa urahisi, kwa sababu sukari ni nyingi mno na maji ni machache mno kiasi kwamba hamira haiwezi kuishi ndani yake. Ikishazimuliwa kwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa mahali penye joto, uumukaji huanza ndani ya saa chache na kinywaji huwa tayari kwa siku mbili au tatu.

Kinywaji hicho hakikuwa cha kila mtu wala cha kila siku. Kilitengenezwa kwa ajili ya ruracio, yaani mashauriano na malipo ya mahari, kwa tambiko na kwa vikao vya wazee, na vijana hawakuruhusiwa kukinywa kwa hiari yao. Kwa kuwa kiasi kilichotengenezwa kilijulikana, siku ya kunywewa ilijulikana na wanywaji walijulikana, suala la kuhifadhi halikujitokeza: chote kilimalizika kabla hakijachachuka. Ugumu wa uhifadhi ulizaliwa siku muratina ilipogeuka kuwa bidhaa ya kuuzwa, inayosubiri mnunuzi asiyejulikana atakuja lini.

Mtambo unafanya nini, na unaacha nini

Katika nchi za Ulaya, Marekani na New Zealand, watu wanaojitengenezea bia nyumbani wameanza katika miaka ya karibuni kutumia mitambo ya umeme inayoongozwa na kompyuta ndogo. Mtambo wa namna hiyo hupasha maji moto hadi kati ya digrii 62 na 70, huyazungusha juu ya kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) kwa muda wa saa moja hivi ili wanga ugeuke sukari, kisha huchemsha maji hayo pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake.

Mojawapo ya kampuni zilizovuma ni PicoBrew ya jimbo la Washington, Marekani, ambayo mwaka 2013 ilizindua mtambo uliotegemea intaneti kupokea maelekezo ya kila hatua. Kampuni hiyo iliporomoka mwaka 2020, na wenye mitambo wakalazimika kubuni programu zao wenyewe ili vifaa walivyonunua kwa gharama kubwa visigeuke kuwa mapambo.

Linalostahili kuzingatiwa hapa ni kwamba mitambo mingi ya aina hiyo hukamilisha kazi yake siku ya kwanza. Kuumua, kutenga mashapo, kujaza chupa na kuhifadhi hubaki mikononi mwa mtu, na humo ndimo bia nyingi za nyumbani huharibikia, iwe ni jijini Seattle au Wamagana.

> Mtambo hupima joto na muda kwa usahihi. Usafi, subira na uhifadhi hubaki kuwa kazi ya binadamu.

Mtu wa Nyeri atakayeagiza mtambo kama huo atakutana na jambo lisiloandikwa katika vijitabu vingi vya maelekezo. Mji wa Nyeri uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kiwango cha kuchemka kwa maji hupungua kwa karibu digrii moja kila mtu anapopanda mita 300, maji huchemka huko kwenye digrii 94 hivi. Mtambo uliopangwa kungoja digrii 100 kabla ya kuanza kuhesabu dakika utangoja bila kikomo huku maji yakipungua kwa mvuke, na mwenye nao atadhani umeharibika, ilhali dawa yake ni kuurekebisha ulingane na mwinuko wa mahali.

Hitilafu ya pili ni kukatika kwa umeme. Mtambo ukizimika wakati kimea kimelowekwa, joto hushuka polepole na hasara huwa ndogo, lakini ukizimika baada ya kuchemsha, wakati maji matamu yanapoa bila hamira, vijidudu vya hewani hupata nafasi ya kutangulia. Katika hali hiyo ni heri kuyafunika mara moja na kuyachemsha upya umeme unaporudi kuliko kutia hamira na kutumaini mema.

Pipa linapogoma

Kwa mtengenezaji wa muratina ambaye hana mtambo, maarifa yaleyale yanapatikana kwa vifaa viwili vya bei nafuu: kipimajoto na haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na wa maji. Maji matupu husomeka 1.000, maji ya asali yanaweza kuanza kwenye 1.080; na kadiri hamira inavyokula sukari, namba hushuka. Kinywaji kilichoshuka kutoka 1.080 hadi 1.010 kina kileo cha karibu asilimia 9, takriban mara mbili ya bia ya kawaida ya chupa, na mnywaji ana haki ya kulijua hilo.

Pipa lisilotoa povu kwa siku nzima huwa na sababu chache zinazojulikana. Ya kwanza ni baridi: hamira inayoishi katika tunda la mwegea hufanya kazi vizuri kati ya digrii 20 na 30, na chini ya hapo hulegea mpaka ikalala. Haijafa, na ikirudishiwa joto huamka, kwa hiyo pipa lililogoma Julai halihitaji sukari wala kemikali bali linahitaji kusogezwa, kufunikwa na kupimwa.

Sababu ya pili ni kinyume chake. Mwenye haraka huchanganya asali na maji ya moto, kisha hutumbukiza tunda kabla hayajapoa, na hamira hufa yote kwa pamoja mara joto linapopita digrii 45 au 50. Hapo kungoja hakusaidii. Mchanganyiko unapaswa kupozwa na kutiwa hamira mpya, au kikombe cha pombe changa inayoendelea kuumuka kutoka pipa jingine.

Sababu ya tatu ni lishe. Asali ina sukari tele lakini ina nitrojeni kidogo sana, na hamira inayonyimwa nitrojeni hudhoofika na wakati mwingine hutoa harufu ya yai bovu. Harufu hiyo mara nyingi hutoweka kadiri uumukaji unavyoendelea, na mchanganyiko wa asali na maji ya miwa hupunguza tatizo, kwa sababu miwa huleta virutubisho ambavyo asali haina.

Utando wa rangi ya kijani au mweusi wenye manyoya juu ya pombe ni ukungu wa kuvu, na haufai kuenguliwa ili kilichobaki kinywewe. Pombe ya namna hiyo humwagwa, chombo husuguliwa na kusafishwa kwa maji ya klorini, kisha husuuzwa kwa maji yaliyochemshwa.

Baridi hiyohiyo inayowasumbua watengenezaji wa muratina ingekuwa baraka kwa mtengenezaji wa bia ya laga. Hamira ya laga hufanya kazi kati ya digrii 8 na 13, na nchi zenye joto hulazimika kutumia majokofu kuipatia kile ambacho Tetu hukipata bure usiku kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Hewa, mwanga na chombo

Kinachoiua pombe iliyokwisha kuiva ni hewa. Bakteria wanaogeuza ethanoli kuwa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo siki, hawawezi kufanya kazi bila oksijeni, na kila kifuniko kinapofunguliwa ili watu waonje hupewa oksijeni hiyo. Pipa lililojaa nusu huchachuka upesi kuliko lililojaa, kwa kuwa nusu ya juu ni hewa tupu.

Dawa yake ni nafuu. Mpira mwembamba unaotoka kwenye kizibo na kuzama katika chupa ya maji huruhusu gesi itoke bila kuruhusu hewa iingie, na pombe inapokwisha kuumuka huhamishiwa katika vyombo vidogo vinavyojaa mpaka shingoni, mashapo yakiachwa nyuma.

Hapa ndipo inapotokea ajali ya chupa kupasuka. Pombe inayofungwa kabla hamira haijamaliza sukari huendelea kutoa gesi ndani ya chupa, na shinikizo hupanda mpaka kioo kinashindwa. Vipande vyake vinaweza kumpofusha mtu. Kinga ni kusoma haidromita siku tatu mfululizo na kutofunga chupa mpaka namba iwe haibadiliki. Watengenezaji wa bia huongeza baada ya hapo gramu 6 hadi 8 tu za sukari kwa lita ili kupata povu la kiasi.

Bia yenye hopsi ina adui mwingine, mwanga wa jua, ambao huvunja kemikali za hopsi na kuleta harufu mbaya ndani ya saa chache, na ndiyo sababu chupa za bia huwa za kahawia. Muratina haina hopsi, kwa hiyo mwanga hauiathiri kwa namna hiyo, lakini pia imekosa kinga ya hopsi dhidi ya bakteria, na hilo linachangia kuifanya ishindwe kudumu kama bia ya chupa.

> Pipa lililowahi kubeba dawa ya kunyunyizia kahawa halisafishiki kwa sabuni, na pombe haiwezi kutiwa humo kamwe.

Suala la chombo linahitaji kusemwa kwa sauti kubwa kuliko yote, hasa katika eneo la kilimo. Plastiki hufyonza kemikali na kuzirudisha polepole katika kimiminika chenye kileo na asidi. Vilevile debe au pipa la mabati lenye mipako ya zinki huyeyuka kidogokidogo katika pombe chachu, na zinki nyingi hutapisha. Kibuyu cha zamani, pipa la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya chakula au chombo cha chuma kisichoshika kutu ndivyo vinavyofaa.

Sheria na makaburi

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, inayojulikana kwa jina la mbunge wa wakati huo wa Naivasha, John Mututho, ilifuta sheria iliyokataza chang'aa, pombe kali ya kienyeji, na kuagiza kwamba kila anayetengeneza au kuuza kileo awe na leseni. Katiba ya mwaka huohuo ilizipa kaunti mamlaka ya kutoa leseni za vileo. Nia ilikuwa kuzitoa pombe za kienyeji vichakani na kuzileta mahali zinapoweza kukaguliwa.

Masharti, hata hivyo, yaliandikwa kwa kumfikiria mwenye kiwanda. Mwanamke wa kijijini anayetengeneza lita 40 za muratina kwa ajili ya ruracio ya jirani hana njia nyepesi ya kuitii sheria hiyo, kwa hiyo hufanya kazi yake kwa kificho, na kificho hicho humnyima kipimo, ushauri na uwezo wa kuuliza pale pombe inapogoma.

Upande wa pili una hoja nzito, na hauwezi kupuuzwa na yeyote aliyeyaona makaburi. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi na viungani mwake kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2014 makumi ya wengine walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza wabunge wa eneo la Kati kuongoza msako wa vileo hatari, na Februari 2024 zaidi ya watu kumi walipoteza maisha baada ya kunywa pombe haramu kijijini Kangai, Kaunti ya Kirinyaga.

Mwezi mmoja baadaye, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, alitangaza masharti mapya makali, huku Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, aliyewahi kuwa mbunge wa Mathira katika Kaunti hii ya Nyeri, akiwa ameifanya vita dhidi ya pombe kuwa kampeni yake. Wazazi wengi waliiunga mkono, kwa kuwa wanawaona vijana wao wakilewa asubuhi na mashamba yakikosa wa kuyalima.

Makanisa nayo yana historia yao. Misheni ya Kiskoti ya Tumutumu, iliyoanzishwa mwaka 1908, iliwalea waumini katika kujiepusha na pombe, na hadi leo familia nyingi za kikristo hufanya ruracio kwa soda na uji pasipo tone la muratina. Msimamo huo ni wa imani na unastahili heshima. Hauwezi kujibiwa kwa haidromita.

Lakini msako unaoviweka muratina, chang'aa na pombe bandia ya viwandani katika fungu moja unakosea kisayansi, na kosa hilo lina gharama. Uumukaji wa asali huzaa methanoli kidogo mno kiasi cha kutomdhuru mnywaji. Methanoli inayopofusha na kuua ni ile ya viwandani inayomiminwa kwa makusudi, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na haitofautishwi na ethanoli kwa harufu wala ladha.

Mwili hugeuza methanoli kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa fahamu wa macho, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24, wakati mnywaji anapodhani kwamba ana uchovu tu wa ulevi. Anayeona ukungu machoni, kuumwa kichwa na kutapika baada ya kunywa apelekwe hospitali bila kungojea kesho, kwa maana dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo na hufanya kazi ikiwahi.

Njia inayofaa ni kutenganisha kwa sheria vinywaji vilivyoumuliwa na vilivyokenekwa, yaani vilivyochemshwa ili mvuke wa kileo ukusanywe, na kumpa mtengenezaji mdogo wa vile vya kwanza kibali cha bei nafuu cha kaunti chenye masharti ya chombo, usafi, kiasi na umri wa wanywaji. Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambako teknolojia ya vyakula hufundishwa, na kupima sampuli ya muratina ni kazi ndogo kwa maabara ya namna hiyo. Kibali hakitamzuia mwovu kutia methanoli, lakini kitamwezesha mnunuzi kumjua aliyepimwa na asiyepimwa.

Pipa lililoharibika

Linabaki swali la pombe iliyokwisha kuchachuka, ambalo kwa mtengenezaji maskini ni swali la fedha zilizopotea. Muratina iliyogeuka siki, ikiwa haina ukungu wa kuvu na ilitengenezwa katika chombo salama, inaweza kuachwa imalize safari yake wazi chini ya kitambaa safi kwa wiki kadhaa, na kuwa siki ya asali inayofaa kwa kachumbari na achari. Yenye kuvu au harufu ya kuoza humwagwa katika shimo la mbolea.

Kisichofaa ni kuiongezea pombe kali ili ukali wa siki usisikike, wala kuipeleka kwa mkenekaji ili atoe chang'aa kutoka humo. Siki haigeuki tena kuwa kileo kwa kuchemshwa, na chombo cha kukenekea kilichounganishwa kwa risasi au kwa mabomba ya magari makuukuu huingiza madini ya sumu katika kinywaji. Mtengenezaji aliyefikia hapo amekwisha kuondoka katika mila ya ruracio na kuingia katika biashara ambayo sheria ya 2010, pamoja na kasoro zake zote, ina haki ya kumkamata kwayo.